Ukiilaza Simu, Inasahau

Jumamosi, 8 Novemba
Mwanangu Nassra katengeneza programu ya simu! Mwenyewe! Ya kuagizia sare za harusi: unaandika jina, vipimo, rangi ya kitambaa, basi. Tunaanza na harusi ya mpwa wangu Mayasa. Wanawake wakiikubali, Nassra kapata kazi mji mzima. Jirani yangu Bi Kazija kanuna. Maagizo ya sare za mtaa huu huyaweka yeye, kichwani. Harusi iliyopita kichwa hicho kiliniletea gauni la dira la kumtosha mtoto.

Jumatatu, 10 Novemba
Aibu! Bi Salhiya kajaza kila kitu, kailaza simu yangu ubavu asome vizuri, vyote vikafutika. Bi Kazija kacheka mpaka kikohozi. Nassra anasema ukurasa ukigeuzwa unaanza upya, hajaufunza kukumbuka, nimpe muda. Wa nini? Akili ninayo. Simu nimeifunga kwa uzi kwenye kibao cha chapati. Imesimama wima kama askari.

Jumanne, 11 Novemba
Kibao kikapita kwa wanawake. Bi Kazija akauliza kama sare zinashonwa au zinakaangwa. Mara dada akapiga kutoka Bwejuu kunisalimu. Kumaliza kuzungumza, ukurasa mtupu!
Lakini nimepata starehe. Kwenye nafasi ya Bi Kazija nimeandika: "Kiuno: kipimwe kwa kamba ya ng'ombe. Rangi: yoyote, haitamsaidia." Nikafungua uzi, nikailaza simu. Imefutika. Roho kwatu!

Alhamisi, 13 Novemba
Nassra kanieleza kirefu kuwa sasa programu inahifadhi ulichoandika na kukirudisha. Nikamwitikia naam, naam, huku nachuja tui. Mtoto ana akili huyu, kanifuata mimi. Kisha nikaandika tena ile ya kamba. Nikailaza.

Ijumaa, 14 Novemba
Barazani, mbele ya wote, Bi Kazija kaomba kujaribu. Kafungua. Kailaza simu. Kaisimamisha. Kailaza tena. Akasoma kwa sauti, mpaka ile ya kamba ya ng'ombe.
Nikatamani sakafu inimeze.
"Bi Mwanakheri," akasema, "hiki kitu hakisahau. Kimenishinda mimi. Sare za Mayasa tuandike humu. Na mwandishi ni mimi."
Wakakubali wote. Nassra wangu kashinda! Mimi je?

Jumamosi, 15 Novemba
Bi Kazija kaja kunipima. Kaja na kamba ya ng'ombe. Haikutosha, kasema.
Nassra kanionya nisiandike tena upuuzi. Nshaacha. Nimeandika kidogo tu, habari ya pua yake, kisha simu nikaifunika kifudifudi. Kifudifudi hakuniambia kama inakumbuka.