Kidole Changu na Mzinga wa Yoeli

Ndugu zangu, leo nimeaibika mchana kweupe. Namshukuru Mungu ningali hai kuwaandikia, maana asubuhi sikuwa na hakika.

Mnamjua Yoeli, rafiki yangu kipofu wa mji wa Baraka. Leo watoto wake walikuwa wanamvusha ziwa kwenda Kigoma kwa sababu ya vita hii. Nilimwahidi kitu kimoja kabla hajaondoka: mfano mdogo wa mzinga wa ile meli ya kivita ya Wajerumani, ambayo baba yake aliitumikia akiwa kijana. Picha hawezi kuiona. Anataka kushika.

Niliutengeneza kwa shaba ya njano, kila kipande kwa tupa. Kitako ni robine ya zamani ya bomba la maji. Magurudumu ya kuuzungusha nilikata kwenye taa ya chemli iliyokufa. Bomba lenyewe ni ganda la risasi kubwa (siku hizi mashamba yetu yanazaa hayo kuliko muhogo). Kipimo alinipa Yoeli: kwenye mzinga wa kweli, ngumi ya mtu mzima iliingia mdomoni. Basi kwenye wangu nikahakikisha kidole kinaingia. Nilijaribu kidole kidogo cha mwisho. Kiliingia, kikatoka vizuri.

Nikausugua kwa majivu na ndimu, nikaufunga kitambaa, nikatoka kijijini kwetu Lweba kwa miguu.

Kwenye bariera, kizuizi cha barabarani, askari akaniita. "Papa, iko nini mu kitambaa?"

"Mzinga," nikajibu. (Mimi ni mzee wa kanisa. Ulimi wangu hauna mazoezi ya uongo.)

Mama yangu! Bunduki zote zikanigeukia. Wamama wa soko wakalala chini na vikapu vyao. Nikabaki nimesimama peke yangu.

"Fungua polepole!"

Nikafungua. Shaba ikang'aa. Komanda akatoka kibandani, akautazama bila kucheka.

"Unatengenezea banani silaha, maadui?"

"Hakuna, mwanangu. Ni ya kushika tu."

"Kushika? Silaha yote iko ya kushika!"

Watu wamechukuliwa kwa makosa madogo kuliko hilo, na hawajarudi. Na boti la Yoeli lilikuwa tayari kuondoka. Nikaomba kimoyomoyo, nikapata wazo (sasa najua halikutoka juu): nimwonyeshe kwamba ndani hamna kitu.

"Tazama, komanda, ni tupu!" Nikasukuma kidole cha shahada mpaka mwisho.

Hakikutoka.

Nikavuta. Nikageuza. "Ngoja kidogo," nikamwambia, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni.

"Toa mukono, Papa."

"Ninatoa."

"Toa!"

"Mwanangu, imekataa."

Halafu mama mmoja akasema kutoka mavumbini: "Iii! Muzee amejikamata yeye mwenyewe!"

Askari wakaangua kicheko. Komanda akafuta macho. "Wende, Papa. Kama maadui bote bako hivi, tumeshashinda."

Nikakimbia hadi ufukweni Baraka, mzinga umetangulia. Kila aliyeuona alinipisha (bila kuombwa). Mota ya boti ilikuwa imeshawashwa. Nikaingia majini na suti yangu ya ibada, nikamwekea Yoeli mzinga mikononi. Akapapasa kitako, magurudumu, bomba, taratibu, akitabasamu kama mtoto. Akafika mdomoni, akagusa mkono wangu. Akasita.

"Ndugu," akasema, "baba hakuniambia kama ilikuwa na manyoya."

Boti zima likacheka. Mwenye boti hakucheka. "Muzee, panda ao utoe kidole! Tunaenda!"

Abiria mmoja, mama mwenye kidumu cha mawese, akanimwagia mkono mzima. Yoeli akavuta huku, mimi nikavuta kule. Po! Nikaanguka chali ziwani.

Niliposimama, boti lilikuwa limeshaondoka, na Yoeli amekumbatia mzinga wake kifuani. Kicheko chake nilikisikia hadi boti likawa dogo kabisa.

Kidole kimevimba, suti inanuka mawese, lakini ninashukuru. Tafadhali msinicheke kwanza. Mwombeeni Yoeli afike Kigoma salama. Akishafika, basi, ruhusa.