Mzee Jumla na Milango Kumi

Katika biashara yangu ya milango na madirisha ya majengo yaliyobomolewa nimekutana na vichwa vya kila aina, lakini aliyenunua milango kumi kisha akakosa pa kutokea ni mmoja tu: Mzee Jumla!

Mara ya kwanza aliingia uani kwangu kifua mbele, kama mfalme aliyekuja kukagua gwaride. Alitaka mlango mmoja tu, wa chooni. Nikamtajia bei. Akacheka hadi kofia ikaenda upande.

"Dada, kununua kimoja kimoja ni ekstravagansi!"

"Ndiye mnyama gani huyo?"

"Kiingereza hicho! Maana yake kutumia kupita haja. Ugonjwa wa watu wasiojua hesabu. Mimi hununua kwa jumla. Nikichukua kumi, unanipunguzia kiasi gani?"

Mimi sikusoma sana, lakini mtu akijifunga kamba mwenyewe simuulizi kama inambana. Nilikuwa na rundo la milango mifupi ya godauni la kale. Ilikuwa imenikalia hadi paka wakaifanya kwao.

"Hii hapa. Nakukatia nusu ya bei, mzee wangu. Lakini umepima fremu za nyumbani?"

"Punguzo halipimwi, dada! Punguzo hukamatwa!"

Akalikamata.

Sasa, mkewe ni fundi cherehani, na ana chumba kimoja cha kazi. Mle ndani mapunguzo ya zamani yalikuwa yameshajazana: sabuni zilizokauka zikawa mawe, miavuli ya kutosha kijiji kizima, na ndoo zisizo na vishikio. Mama wa watu alikuwa amechukua kazi ya kushona sare, shule zinakaribia kufunguliwa, na vitambaa anavikatia sakafuni. Milango kumi ilipoingia, sakafu ikabaki saizi ya leso.

"Baba watoto," alimwambia, "nisipokabidhi sare hizi, sipati kazi nyingine pale shuleni. Ondoa milango yako leo! La sivyo cherehani inahamia kitandani, wewe ulale na sabuni zako."

Mzee akaingia chumbani, akajifungia ili asisikie makelele, akaanza kuvuta mlango wa chini kabisa. Kwa nini wa chini? Eti ndio mzuri kuliko yote! Rundo zima likateleza, likajikaza kati ya ukuta na mlango wa chumba, ambao hufungukia ndani. Dirisha lina nondo.

Mkewe akanipigia simu. "Shoga, njoo. Milango yako imemkamata mume wangu."

Nikafika, nikagonga. "Mzee, u mzima?"

"Buheri wa afya! Napanga vitu tu!"

"Basi toka tukusalimie."

Kisha ikaja sauti ya kuku aliyenyeshewa: "Dada, nina milango kumi humu ndani, na hakuna hata mmoja wa kutokea."

Tukauvunja mlango wa chumba kwa shoka. Mzee akatoka na vumbi hadi kwenye kope, akatangaza kwamba hakuna hasara, milango mingine si ipo? Tukaijaribu mmoja mmoja. Yote ilimfika kidevuni! Mlango mrefu hukatwa. Mfupi hauvutwi kama mpira.

Nikaona riziki yangu imefunguka. "Mlango wa kimo hiki ninao uani," nikasema. "Bei ya rejareja."

Mzee akaanza, "Nikichukua kumi..." Mkewe akamtazama. Akaanza kujipangusa vumbi.

"Shoga," mama akasema, "beba minane hii, badala yake uniletee huo mmoja na kitasa chake. Miwili inabaki, nitaifanya meza ya kukatia."

"Jamani! Mifupi hii nani atainunua?"

"Yule mwenye mabanda ya kuku uliyekuwa ukimwahidi milango kwenye simu, wakati wa kutafuta shoka."

Kumbe hapa nyumbani mwenye hesabu alikuwepo siku zote! Biashara haigombi, nikampa mlango, nikaondoka na minane, nikamuuzia mfugaji wangu. Faida ilikuwepo, ila si ile niliyoipigia hesabu.

Mama alipata meza, akakabidhi sare, na ufunguo wa kitasa anao shingoni. Mzee alibaki na neno lake la Kiingereza tu, na hata hilo halikudumu. Juzi nilipita pale, nikamkuta amesimama nje ya chumba cha mkewe, kofia mkononi.

"Hodi! Hodi! Hodi jamani!"

Cherehani ikanyamaza.

"Hodi moja inatosha, baba watoto. Hizo nyingine ni ekstravagansi!"