Koti Lenye Kalamu

Jumatatu asubuhi, mara tu baada ya gari la taka, gari la matangazo lilipita mtaa mzima likiwajulisha wakazi kwamba historia yao imeanza rasmi. Kila mwenye picha ya zamani aliombwa kuiwasilisha katika Idara ya Ukusanyaji na Usawazishaji wa Kumbukumbu, saa za kazi, isipokuwa saa ya chakula cha mchana. Kumbukumbu zisizo na kitambulisho hazitapokelewa. Marehemu wanaoonekana pichani wawakilishwe na ndugu wa karibu.

Mkurugenzi wa Idara alisikiliza tangazo hilo akiwa dirishani, akaridhika nalo. Aliliandika mwenyewe.

Ofisi yake ilikuwa stoo ya mafagio kabla historia haijaanza, na bado ilinuka dawa ya choo. Ilikuwa na meza moja, kabati la chuma lisilofunga mpaka upige teke, feni iliyozunguka pale tu ilipojisikia, na meza ndogo ya katibu muhtasi karibu na mlango. Nyuma ya mlango huo, ndani ya mfuko wa nailoni, lilining'inia koti jeusi la marehemu baba yake. Lilikuwa na kola pana, vifungo viwili vyeusi na kimoja cheupe, na kalamu katika mfuko wa kifuani.

Koti hilo ndilo lililomleta. Baba yake aliwahi kuishi mtaa huu akiwa kijana, kisha akahamishiwa majukumu makubwa zaidi, kwa haraka kiasi kwamba hakupata hata nafasi ya kuwaaga majirani. Majukumu yenyewe mzee hakuyaeleza kamwe. Alikufa kimya, akaacha koti na picha moja amelivaa, mkono mmoja juu ya simu ya mezani. Mkurugenzi alikua akiitazama picha ile ukutani na kujiambia kwamba mtu mwenye koti, kalamu na simu hawezi kuwa mtu wa hivi hivi. Sasa zahanati mpya ya mtaa ilikuwa imepakwa rangi na ilisubiri jina. Alitaka jina hilo liwe la baba yake, na alitaka lipatikane kwa haki, kwa hiyo akatunga kanuni.

Kanuni ya Nne ilisema kwamba zahanati itapewa jina la yule atakayeonekana katika picha nyingi kuliko wote. Diwani aliipenda sana kanuni hiyo, maana haikumtaka mtu yeyote kufikiri. Kanuni ya Tano ilihusu picha zilizoliwa na unyevu. Pale ambapo uso hausomeki, ilisema, mhusika atambuliwe kwa alama ya kudumu.

Picha ya kwanza ililetwa na kinyozi. Uso ulikuwa umefifia ukabaki kama wingu. Lakini koti lilionekana, kola pana, kifungo cheupe, kalamu mfukoni. Mkurugenzi alisimama wima.

"Mzee wangu," alisema.

Kinyozi alitaka kusema kwamba ni mjomba wake, lakini muhuri ulikuwa umeshagonga.

Kuanzia hapo mzee alitokea kila siku. Alitokea amesimama na simu, ameketi na simu, amebeba mapacha. Pale alipokuwa mfupi, Mkurugenzi aliandika "enzi za ujana wake". Pale alipokuwa mwembamba, aliandika "baada ya kuugua". Picha moja ilimwonyesha akiwa na hereni na kilemba, na hiyo ikahifadhiwa kama "mgeni wa heshima akiwa ameazimwa koti na marehemu". Wale wasio na koti walipewa maelezo ya jumla yaliyopitishwa na kamati: Mwananchi, jina halijulikani.

"Bosi," katibu muhtasi aliuliza siku moja, ameshika picha kadhaa za harusi, "mzee alioa mara ngapi?"

"Hakuoa hawa. Alikuwa mlezi wa jamii. Alihudhuria."

"Anahudhuria amewashika mkono maharusi wote."

"Ndiyo ulezi huo."

Katibu muhtasi alirudi kwenye gundi yake. Mwisho wa mwezi ulikuwa karibu.

Kulikuwa pia na tatizo la masimulizi. Wakazi walipoulizwa picha ilipigwa lini, hawakutaja mwaka. Walisema kabla koti halijapotea, au baada ya koti kupotea. Mmoja alizaliwa kabla ya koti, mdogo wake baada ya koti. Mkurugenzi aliona huo ni uzembe wa kitaaluma, akaagiza misemo hiyo ifutwe, mahali pake paandikwe Kipindi cha Kwanza na Kipindi cha Pili. Ajabu ni kwamba picha zote za Kipindi cha Pili zilikuwa za watu waliovaa mashati tu. Aliandika kwamba baada ya baba yake kuhama, hadhi ya mtaa ilishuka.

Kisha akaja Mama Mayai. Huyu alikuwa mjane aliyeuza mayai kwa trei kando ya kituo cha polisi, mwanamke wa maneno machache yasiyo na sukari. Alikuwa ameacha picha ya harusi yake, picha pekee ya mumewe aliyokuwa nayo duniani, na sasa alikuja kuiona imebandikwaje. Alisogeza uso, akasoma polepole: Marehemu Baba wa Mkurugenzi akihudhuria ndoa, pamoja na mwananchi, jina halijulikani.

"Baba, huyu asiyejulikana ndiyo mimi?"

"Kwa sasa, mama."

"Na mume wangu yuko wapi?"

"Hayumo pichani."

"Sasa mimi hapa niliolewa na nani?"

"Masuala ya ndoa yako ghorofa ya pili."

Mama Mayai aliweka trei zake juu ya meza, juu ya historia. Akaeleza, kama anayemweleza mtoto mkaidi, kwamba huyo ni Fundi Baiskeli, mume wake, amezaa naye watoto wanne na kumzika mwenyewe. Koti lilikuwa la studio. Mpiga picha alikuwa na koti moja tu, kila aliyekwenda kupigwa picha alivalishwa, simu nayo haikuwa na waya. Mtaa mzima unajua.

Mkurugenzi hakuwa mtu wa kupuuza wananchi. Alimuuliza kama ana ushahidi, yaani picha ya koti likiwa peke yake, bila mtu ndani.

"Nani anapoteza hela yake kupiga picha koti tupu?"

"Hapo ndipo tunapokwama, mama."

"Basi niandikie jina lake tu. Sitaki zahanati. Nataka wajukuu zangu wakipita hapa waambiwe huyu ndiye babu yenu, siyo huyu ndiye baba wa Mkurugenzi."

Mkurugenzi alisema pingamizi lazima liwasilishwe na mhusika mwenyewe. Mama Mayai alimkumbusha kwamba mhusika amekufa. Basi, alijibu kwa upole, hakuna mlalamikaji. Mama huyo alichukua trei zake, akatazama kidogo ule mfuko wa nailoni nyuma ya mlango, ambao kwa vumbi lake haukuonyesha kilichomo, akatoka bila kuaga.

Kwa kweli maneno yake hayakumsumbua Mkurugenzi hata kidogo. Koti la studio, kwa maelezo ya wakazi wenyewe, lilipotea. La baba yake lilikuwepo. Kitu kilichopotea na kitu kilichopo haviwezi kuwa kitu kimoja. Alifurahi kuona jinsi jambo linavyonyooka ukilitazama kiofisi, akaamua kulivaa koti siku ya uzinduzi, liwe ushahidi wa mwisho.

Siku hiyo ukumbi wa zahanati ulijaa. Picha zilipangwa kuta zote nne, na kila ulikogeuka koti lilikutazama. Wakazi walizunguka kila mmoja akimtafuta mtu wake, wakisoma maelezo, wakifinyana. Mstari wa mbele, kwenye kiti cha plastiki chenye mto, aliketi Bi Studio, mjane wa mpiga picha. Alikuwa hasikii vizuri, ila macho yake yalikuwa bado mazima.

Mkurugenzi aliingia mwisho, kama inavyopaswa. Alipoingia, ukumbi ulinyamaza. Aliipokea heshima hiyo kwa kuinamisha kichwa. Katika hotuba alieleza mbinu zake, akasoma Kanuni ya Nne, akatangaza kwamba mtu mmoja ameonekana katika picha nyingi kiasi cha kuwaacha wengine mbali.

"Mtu huyo mnamjua nyote," alisema.

"Tunamjua," ukumbi uliitikia kwa pamoja. Mtu mmoja nyuma alianza kukohoa na hakuweza kuacha.

"Na hati ya kuipa zahanati jina lake nitaisaini kwa kalamu yake mwenyewe."

Diwani alimsogezea hati. Mkurugenzi akapeleka mkono kifuani, akaishika kalamu, akavuta. Haikutoka. Nyumbani pia haikuwahi kutoka, na tangu utoto aliamini kwamba ni uzito wa kazi ilizofanya. Akavuta tena, kwa mikono miwili. Koti lote likapanda mpaka masikioni.

"Usivute, mwanangu," alisema Mama Mayai kutoka pembeni. "Imeshonwa."

"Imeshonwa hiyo," alisema kinyozi.

"Utaichana," wakasema wengine, kila mmoja kwa sauti ya mtu aliyewahi kujaribu. Maana wote walijaribu, siku zao za picha. Mpiga picha aliishona kalamu mfukoni ili isiibwe.

Bi Studio aliinuka taratibu, akaja mpaka jukwaani, akagusa kifungo cheupe kwa kidole.

"Wewe ni mtoto wa yule kijana," alisema. "Tulimpiga picha ya kuombea kazi. Akasema anatoka nje mara moja mama yake amwone alivyopendeza. Mume wangu akasema nenda, usichelewe, kuna bwana harusi anasubiri. Picha alikuja kuichukua mama yake; yeye na koti hatukuwaona tena."

Akamkazia macho Mkurugenzi.

"Alipata ile kazi?"

Kwa mara ya kwanza tangu historia ianze, Mkurugenzi hakuwa na kanuni.

"Sijui, bibi," alisema.

"Haya. Vua, baba."

Akavua, akamkabidhi. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi kola na kifua tu. Mgongo ulikuwa makunyanzi matupu.

Diwani, ambaye hakupenda shughuli iharibike mbele ya chakula, aliuliza kama kanuni bado inatumika. Katibu muhtasi alithibitisha kwamba ilishapitishwa na haiwezi kubatilishwa kabla ya mwaka wa fedha. Aliyeonekana katika picha nyingi kuliko wote alikuwa pale pale, mikononi mwa Bi Studio. Hati ikasainiwa kwa kalamu ya kawaida, na ndiyo sababu mpaka leo wagonjwa wa mtaa ule wanatibiwa Zahanati ya Koti.

Jioni hiyo foleni ya kulivaa na kupigwa picha ilifika barabarani. Mama Mayai hakupanga. Alikuwa ukutani na kalamu ya wino, akifuta na kuandika kwa herufi kubwa zilizotoka nje ya karatasi: Fundi Baiskeli na mke wake, siku yao. Koti la studio.

Picha ya uzinduzi ilibandikwa wiki iliyofuata. Yumo Bi Studio na koti begani, yumo Diwani, yumo Mama Mayai. Pembeni kabisa yupo mwanamume mwenye shati, uso umegeukia mlangoni. Katibu muhtasi alitafuta alama ya kudumu, hakuiona, akafuata utaratibu. Mwananchi, jina halijulikani.