Ukuta wa Juu, San Basilio

Jumatatu, 4 Mei
Leo mtaa wetu umefungua milango kwa mashindano ya nyua za maua. Watalii wanamiminika kutoka Mezquita, ule msikiti wa kale wa Córdoba, kuja kutazama nyua zetu, na uani kwangu maua ya ukuta wa juu yamenyauka. Yote! Mke wangu Visitación anadai nilikuwa nalala badala ya kumwagilia. Uzushi mtupu. Nilikuwa nawaza huku nimefumba macho.

Jirani yangu Fuensanta, mjane wa mlango wa pili, alipita akaniuliza kama mwaka huu nashindania maua au vyungu. Nikachemka. Nikaweka dau mbele ya mtaa mzima: akinishinda, nitammwagilia maua yake kiangazi chote, yeye akapunge upepo wa bahari Málaga. Nikishinda mimi, Málaga naenda mimi. Visitación akashika kichwa.

Jumatano, 6 Mei
Nina akili, jamani! Nimenunua karatasi laini nyekundu, zile za kanivali. Nimekunja maua mpaka vidole vikawa vyekundu. Nimeyafunga juu kabisa, mkono haufiki. Ukiwa chini hutambui kitu. Nyuki mmoja alitua, akaondoka kwa hasira. Nyuki si mwamuzi.

Alhamisi, 7 Mei
Foleni yangu ndefu kuliko ya Fuensanta! Waamuzi huja kimyakimya, wamejichanganya na wageni, kwa hiyo namkirimu kila mwenye sura ya usomi. Bwana mmoja wa miwani amenywa mvinyo wangu wa Montilla glasi kwa glasi, akasifu kila chungu. Nikajua ndiye. Kumbe anauza mipira ya kumwagilia!

Fuensanta aliuliza mbona maua yangu hayadondoshi hata petali. Nikamwambia maua yaliyolelewa vizuri hayachafui sakafu.

Jumamosi, 9 Mei
Balaa! Bibi mfupi mwenye kofia ya ukindu alinisikia nikijitapa kwamba hapa hatujui mpira, tunamwagilia kwa mwanzi mrefu wenye kopo nchani, kama alivyofanya marehemu mama. Akaomba aone. Mtu wa Córdoba akiombwa mwanzi mbele ya watu, anakataaje? Nikaunyanyua, nikalenga chungu cha juu kabisa. Sikukosea hata tone. Makofi!

Kisha makofi yakazima. Wekundu ukaanza kuchuruzika kwenye chokaa niliyopaka juzi, mchirizi juu ya mchirizi, mpaka ukuta ukafanana na bucha. Mtalii akauliza kama hiyo ni sanaa ya kisasa. Nikasema ndiyo. Yule bibi akatoa beji yake ya mwamuzi.

Foleni nzima iliangua kicheko. Fuensanta alicheka mpaka akakalia ndoo. "Wee Acisclo wee, utaniua kabla sijaiona Málaga!" Mke wangu naye, machozi yanamtoka! Baadaye Fuensanta alituletea bakuli la supu baridi ya nyanya, tukala pamoja tukiutazama ukuta. Nikacheka kidogo, kwa adabu tu. Supu ilikuwa tamu sana, lazima nikiri.

Jumapili, 17 Mei
Fuensanta wa kwanza. Mimi sikutajwa hata kwa bahati mbaya. Nimepaka chokaa tena na tena, ukuta bado wa waridi. Visitación anaupenda hivyo.

Jumatano, 1 Julai
Fuensanta ameondoka na upepeo wake mkononi. Kanibusu mashavu yote mawili, kanikabidhi ufunguo, akasema, "Nakuamini, mwanangu." Maskini!

Mchana, mtaa wote umelala, nikamwagilia kila chungu chake kwa uaminifu. Halafu nikawaza, safari hii macho wazi. Maua yake bora ya jeraniamu yanaegemea ukuta wa mpaka, na upande wa pili ni kwangu. Tundu dogo tu, machipukizi yatapenya yenyewe, na Mei ijayo yatachanua uani kwangu. Maua ya kweli! Nani ataushitaki mmea?

Nyundo sina. Lakini kwenye stoo yake nimeikuta nzuri sana.