Afisa wa Viti Visivyoonekana

Jumatatu, 3 Juni

Nafasi ya Naibu Mkuu wa Kitengo iko wazi! Mkurugenzi ametangaza asubuhi huku akinywa chai, kana kwamba anasema mvua itanyesha. Atakayepunguza malalamiko ya programu ya takwimu ndiye atakayeipata. Wa kufikiriwa tuko wawili tu: mimi, Afisa wa Leseni na Viwango vya Vituo vya Kazi, yaani kompyuta na meza zake, na jirani yangu wa meza, fundi wa mtandao, ambaye chuo kizima kinamwita Kebo kwa sababu hajawahi kuonekana bila waya shingoni.

Shida yenyewe ni hii. Leseni yetu inaruhusu watu thelathini kuifungua programu ile kwa wakati mmoja. Viti thelathini, ndivyo tunavyosema, ingawa havionekani. Anayekuja baada ya hapo anaambiwa asubiri. Na huu ni msimu wa tasnifu. Kila mtu anataka kukaa, na akishakaa haondoki hata akienda sokoni.

Nimepata dawa. Mtu asipogusa kibodi dakika kumi, nje! Kebo akasema wazo si baya, lakini tungoje wanafunzi wawasilishe kwanza. Ngojangoja huumiza matumbo, nikamjibu. Kisha nikaenda kwa Mkurugenzi peke yangu, nikamweleza kwamba wazo ni langu kuanzia utosini hadi unyayoni, na Kebo hakuchangia hata nukta.

Nyumbani sikusema kitu. Mke wangu, Mama Pacha, naye anaandika tasnifu chuoni kwetu, ya lishe ya watoto, na mwisho wa kuwasilisha ni Ijumaa ya wiki ijayo. Akichelewa anarudia mwaka, na ule ukuu wa kliniki alioahidiwa kazini unakwenda kwa mwingine. Mama mkwe amekuja kutusaidia kulea pacha ili binti yake apate nafasi. Sikutaka kumsumbua mtu na mambo ya ofisi.

Jumanne, 4 Juni

Ushindi! Kufikia mchana karibu nusu ya viti vilikuwa vitupu. Mkurugenzi alipita mezani kwangu akaniitikia kwa kichwa. Kwake hiyo ni hotuba.

Jioni mambo yakawa mengine. Nimemkuta Mama Pacha amejiinamia mbele ya laptopu, macho mekundu. Aliinuka kuamua ugomvi wa pacha waliokuwa wakigombea ndoo, akarudi akakuta ametolewa, na majedwali ya mchana kutwa yamepotea kwa kuwa hakuwa ameyahifadhi. Akauliza ni mbuzi gani pale ofisini kwenu aliyeleta sheria hii.

Nikasema: Kebo.

Limenitoka lenyewe. Akamwapiza Kebo, yeye na nyaya zake na kizazi chake. Nikaitikia amina, tena kwa sauti. Mama mkwe akaacha kukunja nguo, akanitazama. Yule mama hasemi sana, ila anakutazama kama anayechambua mchele.

Alhamisi, 6 Juni

Viti vimejaa tena na hakuna anayetoka. Si kawaida! Nimezunguka idara kwa idara kwa miguu yangu. Ofisi ya kwanza: hakuna mtu, kompyuta inafanya kazi, na juu ya kibodi kuna jiwe. Ofisi ya pili: jiwe. Maabara ya kompyuta: mawe kila upande, na wenyewe wako nje kivulini wanapiga soga.

Ujanja wenyewe ni mwepesi. Jiwe linabonyeza kitufe, kompyuta inadhani mtu yupo. Chanzo ni mhadhiri wa miamba, Babu Mawe, anayeyagawa kutoka kabati lake la kufundishia. Madogo ya laptopu, mazito ya zile kompyuta kongwe za ghorofa ya chini. Nimekuta foleni mlangoni pake. Akanikaribisha vizuri, akaniuliza, mwanangu, kibodi yako ni ya aina gani?

Nimerudi nikaandika nyongeza katika Viwango vya Vituo vya Kazi: ni marufuku kuweka jiwe juu ya kibodi. Haukupita muda wakawa wanatumia stepla, kiatu, chungwa. Nikaongeza: wala kitu kingine chochote kizito. Katibu muhtasi wa uhasibu akapiga simu kuuliza kama kichwa chake nacho kimo, maana akisinzia hulalia kibodi. Nimemwambia tutatoa ufafanuzi.

Nikampelekea Mkurugenzi nyongeza yangu atie saini. Juu ya kibodi yake kulikuwa na jiwe jeusi, laini, la kupendeza. Tukaliangalia wote wawili. Nikasema ni jiwe zuri. Akasema ndiyo. Nikatoka na karatasi yangu.

Ijumaa, 7 Juni

Jiwe nyumbani kwangu! Juu ya meza yangu mwenyewe ya kulia chakula, na kando yake Mama Pacha anamwombea Babu Mawe maisha marefu. Alikuwa ameacha hesabu ndefu ijiendeshe. Alipoingia kuoga nikasimama mbele ya lile jiwe nikiwaza. Afisa anayeacha viwango vivunjwe mezani kwake ni afisa gani? Nikaliondoa.

Alipotoka bafuni alikuwa ametolewa na hesabu imekatika katikati. Akauliza nani amegusa jiwe. Nikawatazama pacha. Sikusema neno, nilitazama tu, lakini yule mkubwa akakemewa na kunyimwa katuni. Moyo umeniuma. Umeniuma kidogo, maana juzi alinimwagia maziwa kwenye viatu.

Jumapili, 9 Juni

Mama Pacha amelia. Hakupiga kelele. Alikaa tu jikoni akimenya viazi huku machozi yanadondoka, akasema labda shule si ya watu wenye watoto, labda aache. Nimeumia kweli leo. Tangu tuoane mwanamke huyu hajaacha jambo alilolianza, hata mimi hajaniacha. Nikamshika bega nikamwambia atamaliza, nitahakikisha mwenyewe. Akasema asante, Baba Pacha, wewe ndiye unayenielewa. Mama mkwe akakohoa.

Nimeshajua la kufanya. Nitamhifadhia kiti. Kimoja tu, chake peke yake, asiweze mtu kumtoa, awe na jiwe asiwe nalo. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

Jumanne, 11 Juni

Kebo alikwenda kutengeneza nyaya za maktaba, nikabaki na seva peke yangu. Sehemu ya kuhifadhi viti sijawahi kuitumia, lakini ni rahisi, ni maswali tu. Nani ahifadhiwe? Nikamchagua. Watu wengine waonyeshwe jina gani? Jina lake halisi ni hatari, nikaandika Mama Pacha. Nani atajua? Idadi ya viti? Swali la kitoto hilo. Tunavyo thelathini, nikaandika thelathini. Nilimaliza wakati watu wanafunga ofisi, nikatoka napiga mluzi.

Nyumbani raha tupu! Amefanya kazi jioni nzima bila kutolewa. Amemaliza majedwali yote, ameimba akiosha vyombo. Nikamwambia nimemkalisha Kebo chini nikamkanya. Akaniongezea nyama sahanini.

Jumatano, 12 Juni

Maji yamezidi unga! Simu zimeanza kabla sijavua koti. Kila anayefungua programu ya takwimu, chuo kizima, anakutana na maandishi: Viti vyote vimehifadhiwa kwa ajili ya Mama Pacha. Wahadhiri, wanafunzi, wote nje. Wanauliza Mama Pacha ni nani. Wengine wanasema ni mfadhili. Wengine wanasema ni idara mpya. Katibu muhtasi wa uhasibu ameuliza kama tuanze kuchanga zawadi. Babu Mawe amesema kwa upole kwamba mama mwenye viti vingi hivyo, kabati lake haliwezi kumtosheleza.

Kebo aliacha kumenya waya. Aliitazama picha iliyo mezani kwangu, watoto wawili sura moja waliovaa sare, kisha akanitazama mimi, kisha akaendelea kumenya waya wake. Bora angenitukana.

Baadaye akapiga simu Mama Pacha mwenyewe. Sauti ya chini, ile mbaya. Msimamizi wake lazima ayafungue majedwali ayapitie kabla ya kutia saini, na hawezi kuyafungua, kwa sababu amezuiwa na Mama Pacha. Amekasirika. Amesema hatamtilia saini mtu yeyote mpaka huyo Mama Pacha ainuke. Kisha akaniuliza, polepole: Baba Pacha, wewe unawajua akina Mama Pacha wangapi?

Nikamwambia simsikii, mtandao unakatika.

Alhamisi, 13 Juni

Nimejaribu kufuta, seva imenigomea. Kila nikiweka sifuri inasema mhusika bado amekaa. Na kesho ndiyo mwisho! Nikamkumbuka Mama Pacha jikoni siku ile na viazi vyake, nikashindwa kukaa. Nikaimeza aibu, nikamgeukia Kebo. Akaja, akabadilisha namba moja tu, thelathini ikawa moja, akarudi mezani kwake. Ilichukua muda wa mtu kupiga chafya.

Mkurugenzi akatuita wote wawili. Njiani nilipanga kusema ni kosa la seva. Kabla sijafungua mdomo mlango ukabishwa, akaingia Mama Pacha, mtandio umefungwa kwa ukali. Amekuja kujisafisha. Akasema yeye alikalia kiti kimoja tu, hivyo vingine aulizwe aliyempa. Kisha akamwona Kebo na waya wake shingoni. Akamgeukia. Shemeji, akamwambia, mimi nilikuwa nakuheshimu, lakini sheria yako ya dakika kumi imenitoa machozi mbele ya watoto wangu.

Kebo akanitazama. Mkurugenzi akaweka kikombe chini. Akasema sheria ile si ya Kebo, ni ya huyu hapa, alimwambia mwenyewe, kuanzia utosini hadi unyayoni. Kebo ndiye aliyekuja kuomba wanafunzi wangojewe.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama Pacha alinipa mgongo. Alimwomba Kebo radhi kwa maapizo yote ya wiki hii na iliyopita, moja baada ya jingine, pamoja na lile la kizazi. Kebo akasema usijali, shemeji, nilikuwa nashangaa kwa nini mgongo unaniuma. Wakacheka wote watatu. Mkurugenzi anacheka! Sikuwahi kujua.

Ijumaa, 14 Juni

Msimamizi ametia saini alasiri, na tasnifu imepokelewa karani akiwa anafunga dirisha. Amewasilisha! Nilifurahi mpaka nikamwambia mlinzi wa getini. Akaniuliza kama mke wangu ndiye yule wa viti. Nikasema ndiye.

Kisha likatoka tangazo. Naibu ni Kebo. Mpanda ngazi hushuka, sawa, ila mimi nimeshuka kabla sijakanyaga kipandio cha kwanza.

Jioni Mama Pacha amemkaribisha Kebo chakula. Yule pacha mkubwa ilibidi aombwe msamaha kwa habari ya jiwe, na mwombaji ni mimi, mbele ya mgeni. Amenisamehe kwa sharti la katuni wakati wa mpira. Mama mkwe ndipo aliposema. Akasema alijua tangu ile amina, maana mkwe wake haitikii hata sala ya chakula kwa sauti kiasi kile.

Jumatatu, 17 Juni

Mama Pacha amenisamehe. Amesema anajua nilitaka kumsaidia, na kwamba hilo ndilo linalomtisha. Ameniomba ahadi moja: nisimfanyie tena jambo lolote la masomo yake bila kumuuliza kwanza. Nimeahidi kwa moyo mweupe, mkono kifuani. Nimejifunza. Leseni na mimi, basi.

Leo nimekumbuka kwamba bado ana utetezi wa tasnifu mwezi ujao, mbele ya watahini, na chuo kina chumba kimoja tu chenye skrini inayotimiza viwango vyangu. Wakimnyang'anya chumba hicho atatetea wapi? Tena chumba si leseni. Nikaingia kwenye mfumo wa kuhifadhi vyumba wakati Naibu yuko mkutanoni. Safari hii nimekuwa makini mno, nimesoma kila swali mara mbili. Uliuliza chumba kinatakiwa siku gani. Tarehe yake haijapangwa, kwa hiyo nimeweka mwezi mzima, asubuhi hadi jioni. Uliuliza kwa jina la nani. Hapo ndipo palipokuwa na kosa langu mara ya kwanza, na mtu mzima harudii kosa. Nimeandika jina la Kebo.