Twatwa Aliyerudishwa

Krrr, krrr. Alfajiri nilikuwa nasaga kahawa, Redio akagonga dirisha la jikoni. Jina lake ni Jhagroe, ila habari hazimlazi, ndiyo maana tunamwita Redio.

"Bibi, mji mzima wa Paramaribo umechafuka! Kobe kamrudishia Jogoo ndege wake!"

Jua lilipotoka wote watatu walikuwa kwenye benchi langu la kahawa. Kobe ni Saimin, Mjava, kila neno lake hutembea kwa miguu. Alimzika mkewe, na wiki iliyopita tulikula arobaini. Siku ileile rafiki yake Wensley, tunayemwita Jogoo kwa makelele yake, akampa twatwa wake, ndege bingwa wa mashindano ya kuimba ya Jumapili.

"Miaka minane nimemlea!" Jogoo alipiga meza. "Leo unanirudishia kama sahani chafu?"

"Anaitwa Mati," Kobe akasema.

"Ndiyo! Kwa lugha yetu mati ni rafiki!"

"Kwenu. Kwetu ni kufa. Umempa mfiwa kifo ndani ya tundu."

Redio hakujizuia. "Kwetu Wahindi ni udongo! Rafiki, kifo, na udongo wa kufukia. Bado sanda tu!"

Nikamtia ndizi ya kukaanga mkononi. "Kula, mwanangu, mdomo upumzike."

"Mpe jina jingine, basi," nikamwambia Jogoo.

"Bibi, ndege huyu ana umri wa kuitwa mzee! Nikikuita wewe Mariana leo, utageuka?"

Mimi nilikuwa naangalia tundu. Kobe alikuwa amelifunika kwa mtandio wa marehemu mkewe, ndege asipigwe na upepo. Pembeni palipobaki wazi niliona maji safi, mbegu tele. Mtu mwenye chuki hafanyi hivyo.

"Saimin," nikasema, "ni jina tu?"

Akatazama kikombe. "Jina ningelimeza, Bibi. Haimbi. Wiki nzima, hata mlio mmoja. Nyumba ile imeshanyamaza vya kutosha."

"Haimbi? Huyu?" Jogoo akasimama. "Umemlisha nini, wewe mzee? Umemweka wapi? Chooni? Mimi nimekupa bingwa, wewe unaniletea—"

Chini ya mtandio ndege akaanza kuimba. Akaimba mpaka mpita njia akasimamisha baiskeli.

"Kumbe alikuwa anasubiri kelele!" Redio akacheka, ndizi mdomoni.

Jogoo akakaa, macho yamemlowa. Kobe akalibeba tundu taratibu, kama mtu anayebeba mtoto aliyelala, akapiga hatua tatu, akageuka.

"Wensley, kesho asubuhi njoo kwangu unigombeze kidogo. Na keshokutwa uje tena."