Saa Nne na Dakika Tano, Kucheka

Asubuhi redio ilikuwa imesema kwamba, kwa kuwa maradhi yametufungia ndani, kila baba awachangamshe watu wa nyumbani kwake. Saa kumi jioni hoja ikafika kijiweni. Kijiwe chenyewe siku hizo kilikuwa kimehamia ukutani, pale nyua tatu zilipopakana. Kila mmoja wa wanaume watatu alikalia ndoo upande wake, haonekani, ni sauti tu.

"Nani, mimi nichangamshe?" akaanza Breki, dereva wa lori. "Miaka kumi na mbili ya ndoa, ukihesabu siku nilizolala kwangu hazijazi mwezi. Kitinda mimba ananiita mjomba. Jana kanikaribisha kiti."

"Ukashukuru?" Wembe akauliza. Huyu alikuwa kinyozi.

"Nikamuuliza wazazi wake wako wapi."

"Afadhali wewe mgeni. Mimi nimewanyoa wote. Watoto wanne, mama mkwe, na mwanasesere. Vichwa vimeniishia. Ufagio ukiniona unajificha nyuma ya mlango."

"Na kichwa chako?"

"Kinyozi hajinyoi, ndugu yangu. Changu kimeota nywele mpaka kuku anakuja kutagia."

Dakika, fundi saa, alikuwa na daftari magotini. Alikuwa akiweka alama kwa penseli: siku ya kumi na moja. Tangu shule ifungwe, binti yake wa miaka saba, aliyezoea kucheka mpaka chai impalie, hakuwa amecheka hata mara moja.

"Dakika, umesinzia?"

"Nipo. Mimi nilishatengeneza ratiba."

"Ya dawa?"

"Ya furaha."



"Hebu soma," akasema Breki, taratibu, kama mtu anayeomba kuonyeshwa kidonda.

"Saa mbili na robo, vitendawili. Saa tatu kamili, kuruka kamba. Saa nne na dakika tano, kucheka."

"Kwa muda gani?"

"Dakika saba. Napiga kengele."

"Na wanacheka?"

"Mke wangu alicheka siku ya kwanza, lakini ilikuwa saa nne kasorobo. Nikamwambia asubiri."

"Ulimwambia mkeo asubiri?"

"Kwa adabu."

"Wangu angenisubirisha mimi, mpaka ugonjwa uishe na mwingine uje," akasema Breki.

"Na mtoto je?" Wembe akauliza.

Dakika akalifunga daftari. "Mtoto hunyoosha mkono, akaomba ruhusa asicheke."



"Saa ya mtu yeyote nikiifungua mgongo naona ilipokwama," akaendelea. "Huyu sijui pa kufungulia. Jana nimejifanya farasi. Nikatambaa sebule nzima, nikaingia chini ya meza, kiuno kikagoma. Nikabaki humo humo mpaka kipindi cha hesabu."

"Ukiwa farasi?"

"Ratiba haikuwa na nafasi ya kuinuka."

"Hesabu ulifundishaje?"

"Kwa kwato."

Hapo nyuma yake kitu kikapasuka. Kilianza kama kikohozi, kikawa kicheko chembamba, kikapanda mpaka kikakosa pumzi. Dakika akageuka. Chini ya dirisha la jikoni, peupe kabisa, kulikuwa na mkeka. Mkewe alikuwa amekaa na sahani ya karanga, na binti yao kauma mto kwa meno yote, machozi yanamtoka.

"Tangu lini mko hapa?"

"Wiki ya pili hii," mkewe akasema. "Huyu ndiye hutandika mkeka ikifika saa kumi. Mto ni ili msimsikie, msije mkaona haya mkaacha."

Kutoka ua wa kinyozi akasikika mama mkwe akijichekea. Kwa Breki mtoto akauliza, "Mjomba, mbona umenyamaza?"

"Kumbe sisi ndio kipindi," akanong'ona Breki.

Dakika akafuta zile alama, moja baada ya nyingine, zote kumi na moja. Binti yake akautoa mto mdomoni.

"Baba, endelea. Hujawaambia habari ya paka kukupanda mgongoni."

Dakika akarudi kwenye ndoo yake, akakohoa kidogo, akausogelea ukuta.

"Jamani," akasema, kwa sauti kubwa kuliko kawaida, "kuna suala la paka."